Kupumzika wiki moja kabla ya robo fainali za ECAC

Mkuu, umeuliza kama timu nne za juu za ECAC, ligi ya magongo ya barafuni ya vyuo vya Marekani, hufaidika kwa kuruka raundi ya kwanza. Kwa miguu na majeraha, sana! Robo fainali inataka ushindi wa mechi mbili kati ya tatu: Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili ikibidi. Muda wa ziada ni vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, hadi goli lipatikane. Ijumaa ikirefuka, kesho yake mabeki wanachelewa kugeuka.

Hasara ni kupoa. Jumamosi ya wiki hiyo ya mapumziko, isiyo na mechi, wachezeshwe wenyewe kwa wenyewe kwa kasi kamili, refa akiwepo. Kipa apigiwe mashuti huku wenzake wamesimama mbele yake wakimzuia kuona, maana mazoezi ya kawaida hayampi hilo.