Kurekodi albamu na watu wa nyumbani: kalamu kwanza

Albamu yangu ya kwanza niliirekodi na watu wetu: kakangu kwenye ngoma, dadangu kwenye viitikio, mzee wangu kwenye gita la solo. Studio ilikuwa chumba kimoja Buruburu, Nairobi, tukilipa kwa saa.

Mzee ndiye aliyeanza kutupa shida. Ujanani alipiga benga, na mpiga benga hasubiri klik ya hedifoni, ule mlio wa kushika mwendo. Prodyuza alimrudisha mara kumi na moja. Ya kumi na mbili, mzee akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, akauliza chai iko wapi. Hapo nikajua amekasirika. Wewe ukifika hapo, zima klik. Mkalishe mzee atazamane na mpiga ngoma, warekodi pamoja. Kwetu mwendo ulipanda kidogo kwenye kibwagizo, tukauacha. Si ndiyo sababu nilimwita?

Nauli ya kuja studio lipa, hata ya mamako.

Lakini kilichotaka kutuvunja kabisa ni ubeti mmoja. Dadangu alitunga maneno yake tukiwa kwenye matatu, mimi nikayaandika kwenye simu. Wimbo ukatoka na jina langu pekee. Hakugomba. Miezi mitatu mizima alijibu meseji zangu kwa "sawa" tu.

Hata wakubwa yamewakuta. Beach Boys wa Marekani walikuwa ndugu watatu wa akina Wilson, binamu yao Mike Love na rafiki. Love alimshtaki binamu yake Brian ndipo akatambuliwa kwa nyimbo alizoshiriki kutunga, alishinda 1994. Kabla ya hapo, 1969, baba yao akina Wilson alishauza haki za nyimbo hizo kwa dola 700,000.

Kwa hivyo kabla hujalipia saa ya kwanza, toa karatasi moja kwa kila wimbo: nani katunga maneno, nani katunga tuni, asilimia ngapi, kisha sahihi. Kupiga ala na kutunga ni haki mbili tofauti, msizichanganye. Na hakimiliki ya mtunzi hapa Kenya hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hivyo wajukuu nao wamo.

Karatasi za albamu ya pili tulizijaza jikoni kwa mama. Dadangu alijiandikia asilimia 60 ya wimbo mmoja. Mzee akaguna. Mimi nikatia sahihi.