Linux haitakuponya na flashi za wateja

Mleta mada, unauliza uweke antivirasi gani kwenye kompyuta tatu za steshenari yako, au uiache Windows uhamie kabisa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kama wadau walivyokushauri. Mimi nimekaa kwenye biashara hiyo mlangoni mwa chuo tangu enzi za Windows XP, basi nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nilianza kwa kununua leseni. Mashine ina RAM ya GB 2, saa nne asubuhi foleni ya wanafunzi imefika barabarani, na hapo ndipo antivirasi inapoamua kukagua diski nzima. Ukibofya Word, mteja anaondoka kabla haijafunguka. Fundi mmoja akanishauri niongeze nyingine ya bure. Weee! Fahali wawili zizi moja. Nilipozing'oa zote mbili ndipo mashine ikapumua.

Kumbe virusi nilivileta mwenyewe. Kile kijiprogramu cha kuamshia Office bila leseni kilitaka nizime ulinzi kwanza, nami nikazima. Apdeti nazo nilizifunga, eti naokoa bando. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, ilipovuma Mei 2017, apdeti ya kuziba tundu la Windows ililopitia Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi. Sikupigwa, ila ilikuwa bahati tu.

Sasa flashi, maana hapo ndipo utakapolia. Mteja anachomeka, ndani anakuta shotikati moja tu yenye jina la flashi yake. Folda zote hazionekani, lakini ukiangalia nafasi, GB 3 zimetumika. Jasho linamtoka, ripoti ya fildi inatakiwa leo. Mwambie atulie, mara nyingi mafaili yamefichwa tu, hayajafutwa. Usibofye ile shotikati, ndiyo inayoamsha kirusi. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi husika. Folda zikirudi, futa shotikati. Lakini kama kompyuta yenyewe imeshaambukizwa, ukichomeka tena zinafichwa tena, na unaweza kushinda siku nzima ukifanya kazi ileile.

Ndiyo maana flashi zangu sasa hupokelewa na mashine ya Lubuntu, aina nyepesi ya Linux. Kule mafaili yaliyofichwa kwa mtindo wa Windows yanaonekana bila amri yoyote, na kirusi cha Windows hakifanyi kitu. Tatizo ni kwamba nilijisahau. Wiki nzima nilikuwa nanakili folda pamoja na uchafu wake kuzipeleka mashine ya kuprintia, yenye Windows. Lubuntu haikuugua, ila ilisambaza. Na wa Mac wasitucheke, mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000.

Kwa hiyo usinunue kitu. Kati ya kompyuta zako tatu, mbili zenye nguvu zaidi zipandishe Windows 11 kama zinakubali, maana apdeti za kawaida za Windows 10 zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Defender, antivirasi inayokuja na Windows yenyewe, inatosha, mradi usiizime. Ile ya tatu, kuukuu, ipe Lubuntu, iweke karibu na kaunta, na kutoka hapo nakili hati na PDF peke yake. Mteja akisema "chukua folda lote tu, kaka," mwambie akuoneshe faili analotaka kuprinti.