Kigezo ni kinda, siyo mzazi wake

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama ndege aliyetoweka mahali, kisha watu wakamrudisha, aingie kwenye orodha ya maisha ya mtazamaji ndege, yaani orodha ya aina zote alizowahi kuziona. Aingie, ila siyo siku anayofunguliwa tundu. Mimi nahesabu yule aliyeanguliwa porini na kulishwa na wazazi wake kiotani.

Mfano safi uko kwenye bahari yetu hii hii. Mwaka 1974 kozi wa kisiwa cha Morisi waliojulikana porini walikuwa wanne tu. Mayai yakachukuliwa viotani, makinda wakalelewa kwa mkono, wakaachiwa na kulishwa hadi wakajua kuwinda. Kazi ya kuwaachia ilikoma miaka ya 1990, ndege wakaendelea kuzaana wenyewe. Anayemwona leo amwandike bila wasiwasi.

Kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga wa Marekani, anasumbua zaidi. Wa mwisho porini alikamatwa mwaka 1987, wakawa 27 duniani, wote tunduni. Kuwaachia kukaanza 1992. Hadi leo hukamatwa mara kwa mara wapimwe damu na kutibiwa, maana hula mizoga yenye vipande vya risasi na sumu yake huwaua. Watazamaji wengi wakiona kibandiko cha namba bawani humkataa papo hapo: huyu ametoka tunduni. Siyo lazima. Hata kinda aliyeanguliwa pangoni hukamatwa akavishwa namba. Kwa hiyo isome kwa darubini, andika namba pamoja na rangi ya kibandiko, kisha waulize wanaomfuatilia alizaliwa wapi. Kama ni porini, mhesabu. Kutibiwa hakumfanyi kuwa ndege wa kufugwa.

Huku kwetu swali hili linakuja kwa sura ya kanga. Mtu akipalilia mikorosho, iwe Newala, Tandahimba au Nachingwea, akikuta mayai ya kanga huyachukua na kuyaatamishia kuku. Wakikua, baadhi hurudi zao kichakani. Kanga wa mbegu ya kufugwa utamjua mapema: mara nyingi ana mabaka meupe kifuani au miguu ya rangi ya chungwa, wakati wa porini miguu yake ni ya kijivu cheusi. Lakini huyu wa yai la porini manyoya hayatakusaidia kitu, kwani ni kanga wa porini mtupu. Mtazame jioni. Kundi la porini likikuona kwa mbali hukimbia kwanza, huruka likibanwa, na hulala juu ya miti. Aliyelelewa na kuku hukuacha ukaribie, na jua likizama huelekea nyumbani. Andika saa na upande alioelekea. Bila hivyo usimhesabu.

Kunguru mwenye shingo ya kijivu tusimchanganye na hawa. Asili yake ni Asia ya Kusini, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 akaenea pwani yote. Huyo kaletwa, hajarudishwa. Kwenye eBird, mtandao ambako watazamaji huandikisha ndege wanaowaona, ndege wa kuletwa aliyekwisha jijenga huhesabiwa, aliyetoroka kwa mfugaji hahesabiwi. Sawa, ahesabiwe, ingawa ni mharibifu wa viota vya ndege wetu.

Ombi langu: mkichapisha orodha za wasomaji, wekeni safu ya pili kwa ndege walioachiwa, na kila jina liandikwe tarehe, mahali na alama ya pete ya mguuni au kibandiko. Kinda wao akionekana miaka ijayo, atahamishiwa safu ya kwanza.

Msomaji, Mtwara