Unaanza kazi kambini? Jua jela inamhusu nani

Ukiajiriwa leo kwenye kambi za wakimbiaji za Iten au Kaptagat, Kenya, uwe kocha msaidizi, mkandaji au mpanga safari, utafundishwa mengi kuhusu muda na kilomita. Habari za jela hutazisikia. Wengi huingia kazi hii wakidhani dawa za kututumua misuli ni shida ya mkimbiaji: amepimwa, amepatikana nazo, amefungiwa, basi.

Mwanariadha huwajibika kwa kilichomo mwilini mwake, hata kama hajui kilivyoingia. Wewe unaulizwa ulichofanya. Ukimpa au kumuuzia dawa iliyokatazwa, kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, zinakufungia michezo kuanzia miaka 4 hadi maisha. Halafu kuna mahakama. Kenya ina sheria yake tangu 2016. Marekani nayo ilipitisha Sheria ya Rodchenkov mwishoni mwa 2020: jela hadi miaka 10, faini hadi dola 250,000. Wanariadha wenyewe hawashtakiwi kwa sheria hiyo. Imewalenga wanaowazunguka, hata kosa likitendeka nje ya Marekani, mradi Wamarekani wanashiriki mashindano hayo na wadhamini au televisheni za huko zina mkono.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa Eric Lira wa Texas, aliyempatia mkimbiaji Blessing Okagbare wa Nigeria dawa kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Juni 2021 Okagbare alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.63, upepo ukimsukuma, akamwandikia Lira kwa furaha kwamba alichokifanya kinafanya kazi vizuri sana. Ujumbe ule wa simu ukageuka ushahidi. Okagbare alifungiwa miaka 10, baadaye ukaongezwa mmoja. Lira alikiri kosa, na Februari 2024 akapewa miezi 3 jela. Kwangu ni kiduchu, ila njia imeshafunguliwa.

Kinachowanasa wasaidizi wengi, hata hivyo, ni mambo madogo ya kila siku. Mkimbiaji akikutuma umjazie taarifa za mahali alipo, ambazo wapimaji huzitumia kumfikia, jaza ukweli. Kasoro 3 za taarifa hizo au za kukosa kipimo ndani ya miezi 12, kwa kawaida ni miaka 2 nje ya mashindano. Wilson Kipsang, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, alipata 4. Alikosa mpimaji Mei 2019, akajitetea kwa picha ya lori lililopinduka barabarani. Ikabainika ajali ile ilitokea Agosti. Uongo wa namna hiyo ukiusaidia, nawe una kesi yako.

Sindano za goti na mgongo ndizo za kuogopa zaidi. Tangu 2022 sindano zote za dawa jamii ya kotikosteroidi zimekatazwa wakati wa mashindano, na mojawapo, triamsinoloni, ikichomwa kwenye msuli inahitaji siku 60 kabla ya mbio. Daktari wa mjini hana habari na kalenda yenu. Mwambie mapema kwamba mgonjwa ni mkimbiaji anayepimwa, dai jina la dawa kwa maandishi, na kama haina mbadala, anza kuomba kibali cha kuitumia kwa matibabu kabla sindano haijachomwa.