CT ina vinundu, makohozi hayana TB: kipimwe kipande cha nyama ya pafu

Pole, dada. Nimekuelewa: picha ya CT ya mama ina vinundu (vijivimbe) vingi mapafu yote mawili, makohozi hayana TB, na daktari ametaja hemanjioendothelioma, uvimbe adimu wa mishipa ya damu. Picha haithibitishi; saratani iliyosambaa nayo huonekana hivyohivyo. Wakate kipande kidogo cha nyama ya pafu kikapimwe maabara. Sindano nyembamba huambulia seli chache; kwa mjomba wangu ilibidi kurudia, hela ikaenda bure.

Waulize hospitali ya Muhimbili au ile ya saratani ya Ocean Road kama wanapima CD31, ERG na CAMTA1, yaani alama za kwenye seli zinazosaidia kuutambua uvimbe huu. Kama hawapimi, omba bloku ya nta iliyohifadhi kile kipande ipelekwe kwingine. Ya mjomba niliibeba mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki, kwenye basi la mwendokasi, nimeikumbatia kama yai.

Akikohoa damu au kubanwa pumzi, mkimbize dharura, msingoje kliniki.