Ukitaka Kuwatisha Wageni, Walishe Kwanza

Mdogo wangu alipokaribia kutimiza miaka 30, mwezi wa kumi mwaka juzi, alisema hataki ukumbi, hataki MC, hataki keki ya ghorofa. Anataka kuogopa. Ndivyo tulivyojikuta tumekodi bustani ya michezo nje kidogo ya Dar es Salaam, usiku, sisi kwa sisi, kwa chakula cha mazimwi. Tangu hapo wameshanipigia watu wanne wanaotaka kufanya kama sisi, nikaona niandike mara moja nipumzike.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua vitisho. Nilishuka Kariakoo nikarudi na buibui wa plastiki, mafuvu, vinyago vya mpira na mita kadhaa za shashi nyeusi. Vingi havikutoka kwenye mifuko. Jioni tuliyokwenda kukagua, watoto wameshaondoka, nilielewa kwa nini. Bustani ya michezo iliyofungwa inatisha yenyewe. Lile gurudumu kubwa limesimama, viti vyake vinalia kwa upepo. Farasi wa kuzunguka wamekodoa macho, rangi imewabanduka midomoni, meno yote nje. Pembea moja inakwenda na kurudi, hakuna mtu. Sasa hapo unaongeza fuvu la plastiki la nini? Pesa ya vitisho ipeleke kwenye chakula na taa.

Hata ile mashine ya moshi, ile ya maharusi kuingilia ukumbini, niliyoikodi kwa mbwembwe, haikufaa kitu. Upepo wa bahari uliuchukua moshi wote ukaupeleka kwa jirani.

Muda upange kwa kufuata jua. Mwishoni mwa Oktoba, Dar jua linazama kama saa 12 na robo, na giza la kwetu halipigi hodi. Wageni waingie kungali na mwanga, waone ngazi ziko wapi, nyaya zimepita wapi, choo kiko upande gani. Wakae, waanze kula, na usiku uwakute mezani. Ukiwaalika saa mbili, watakuja wakijikwaa na kumulika simu, na simu ikishawashwa tochi hofu yote imekwisha. Halafu kumbuka hiyo ni miezi ya vuli. Hakikisha meza ziko chini ya banda, hata kama mchana kutwa jua lilikuwa kali.

Tulichoumia zaidi ni umeme. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba bustani ni yetu hadi saa nne usiku. Wahudumu wao walipofunga kazi jioni, wakafanya kama wanavyofanya kila siku: wakazima swichi kubwa, wakafunga kile chumba, mwenye ufunguo akapanda daladala. Taa hakuna, muziki hakuna, sufuria za kupashia chakula zinapoa. Wageni walidhani ni sehemu ya shughuli wakapiga makofi, mimi nina jasho mpaka kwenye vidole. Alirudi baada ya dakika 50. Kwa hiyo andikishaneni: nani anabaki na ufunguo wa umeme, vyoo vipi vitakuwa wazi, mlinzi yupi, mashine gani itawashwa na saa ngapi. Na anayewasha awe mwendeshaji wao, alipwe muda wa ziada. Binamu yako anayejua kila kitu asiguse kitufe chochote.

Mishumaa sahau. Najua inapendeza kwenye picha, lakini mwaka 1984, huko New Jersey, Marekani, jumba la kutishia watu ndani ya bustani ya michezo lilishika moto, vijana 8 wakafa humo. Ndani ni giza, vichochoro, na kuta zilizowekwa sponji. Mapambo yetu nayo ni shashi na maboksi, vitu vinavyosubiri kiberiti tu. Tulitumia taa ndogo za betri, tukazitia ndani ya maboga. Na maboga haya yetu ya sokoni, ganda la kijani gumu kama jiwe, yalinivunjia kisu kimoja. Nyama yake tuliipika kwa nazi, haikupotea kitu.

Tufike kwenye chakula, maana hapo ndipo usiku ule uliposhinda. Pweza wa nazi tulimwacha mzima, minyiri yake imejikunja hadi nje ya sinia, na kwenye taa hafifu ilionekana kama inasogea. Mihogo ya kukaanga tuliichonga ikawa vidole, tukabandika nusu ya karanga nchani ikawa kucha, halafu pilipili nyekundu chini yake. (Uliza kwanza nani karanga zinamdhuru.) Juisi ya rosela haihitaji maelezo. Lakini kilichofanya kazi kuliko vyote ni ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu. Uweke mezani mapema, nyamaza. Baada ya dakika chache kila mtu anacheka na meno yenye damu, na hajijui.

Pilau usiichezee. Nilitia wali mmoja rangi nyeusi ili uonekane wa makaburini. Ulirudi nyumbani kama ulivyokuja. Mtu yuko tayari kuogopa, hayuko tayari kukosa pilau. Na pika kwa ziada: tulialika watu 24, wakaja 31. Kwetu kadi ya mtu mmoja husomwa kuwa ya mtu na nduguye.

Tulimvisha kijana mmoja kuwa zimwi, akajificha nyuma ya magari ya kugongana. Alimshika bega binamu yetu, akala kofi lililosikika hadi getini. Zimwi lako lisiguse mtu, likae hatua mbili mbali. Na mjamzito au mwenye pumu aambiwe pembeni nini kinakuja.

Shangazi yetu alikuwa hataki kusikia habari hii. "Mnaita vitu hivyo usiku, mkija kushindwa kuvirudisha?" Nikamwambia, "Shangazi, hatuiti kitu. Tunataka zile hadithi ulizokuwa ukitupa umeme ukikatika." Akakaa kimya, kisha akasema mafuvu yasiwe mbele yake.

Baada ya kula tuliwapandisha wageni kwenye wale farasi, wamesimama, taa zote zimezimwa isipokuwa boga moja. Shangazi akakaa kwenye kiti chake, kanga begani. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" Akaanza ile ya bwana aliyemkuta mwanamke mrembo barabarani usiku, akainama kuokota kitu, akaona miguu: kwato za punda. Bwana akakimbia hadi akamkuta mzee amekaa peke yake chini ya mbuyu, akamweleza huku anahema. Mzee akasikiliza, akainua kanzu yake taratibu. "Kwato zenyewe," akauliza, "zilikuwa kama hizi?"

Nikamulika tochi mara mbili, mwendeshaji akabonyeza. Farasi wakaanza kwenda, polepole, bila muziki. Mdogo wangu, mwenye shughuli, ndiye aliyepiga yowe la kwanza.

La mwisho ni la usafiri. Tulikuwa tumepakana unga wa ngano usoni, na macho tumeyazungushia wanja. Dereva wa kwanza tuliyemwita kwa simu alifika getini, akatumulika kwa taa zake, akatuona saba tumesimama gizani na meno mekundu. Hakushusha hata kioo. Aligeuza gari pale pale, na safari akaifuta. Wekeni ndoo ya maji na sabuni karibu na geti, mnawe kabla ya kuita gari.