Bosi wangu ni Mbudha, je mshahara wangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mi nafanya kazi Dar kwa Msri Lanka, Mbudha, huu mwaka wa sita. Jamaa msikitini wanasema Mabudha ndo wanaua Waislamu kule Burma kwahiyo niache kazi, mshahara wake haramu. Nina watoto wanne sheikh, nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Ndugu yangu, mshahara wako halali, kesho amka uende kazini. Mtume (s.a.w) kafariki deraya yake, vazi lake la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi, sasa we nani akuharamishie jasho lako?

Hao jamaa uchungu wao naujua, hata mimi unanichoma, ila wameupeleka siko. Kule Burma, yani Myanmar, wanajeshi ndo wameshika nchi tangu 1962 ukitoa miaka michache, na wameufanya Ubudha ngao yao. Ikaja sheria ya uraia ya 1982, serikali inahesabu makabila 135 Mrohingya, yani Muislamu wa jimbo la Arakan, hayumo, mtu babu yake kazikwa hapohapo Arakan anaambiwa we Mbengali rudi kwenu. Agosti 2017 jeshi likachoma vijiji, watu zaidi ya laki saba wakakimbilia Bangladesh na watoto mgongoni.

Halafu kuna hili, kila nikilikumbuka nashindwa kulala. Muislamu kule kupata kibali cha kukarabati msikiti ni shughuli, misikiti mingine imekaa na nyufa zake miaka na miaka. Sasa 28 Machi 2025, Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, watu wapo kwenye swala, tetemeko likapiga Mandalay na Sagaing, kuta zikawaangukia wamefunga. Na 2023 tu mkuu wa jeshi Min Aung Hlaing alikuwa anazindua sanamu kubwa la Buddha la marumaru pale mji mkuu Naypyidaw!

Je hiyo ndo dini ya bosi wako? Mwaka 2007 watawa wa Kibudha wenyewe waliandamana kuipinga serikali, wanajeshi hao hao wakawapiga na kuwafunga. Wakristo wa jimbo la Chin kulekule Myanmar nao makanisa yao yamepigwa mabomu. Wapo watawa wachochezi kweli, kama Wirathu, nao watajibu mbele ya Allah, lakini bosi wako hakuchoma kijiji cha mtu. Soma Suratul Mumtahina aya ya 8, Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na lile hekalu lao la Upanga mtu asilirushie hata jiwe.

Akikuita kwenye ibada yake mwambie kwa adabu hapana, akikupa chai kunywa. Warohingya waombee kwenye dua ya qunut, ukiwa na chochote toa kupitia watu unaowaamini. Na huyo aliyesema mshahara wako haramu alete dalili.

Wallahu a'lam.